Brooklyn Dodgers 1947 au 1955: uanze na msimu upi?

Mtu akitaka kuingia kwenye besiboli ya zamani kupitia timu moja na msimu mmoja, majina mawili hujitokeza kabla ya mengine: Brooklyn Dodgers wa 1947 na Brooklyn Dodgers wa 1955. Wa kwanza wana Jackie Robinson. Wa pili wana kombe. Mashabiki wengi watakusukuma kwenye 1955, kwa hoja kwamba ni mara pekee timu hiyo ilishinda World Series ikiwa bado ni ya Brooklyn. Hoja ina uzito, lakini inamfaa zaidi anayeujua mchezo tayari. Kombe lilipatikana siku moja, Oktoba 4. Msimu ulianza Aprili, na mgeni atalazimika kuupitia wote.

Maelezo machache kwa asiyezoea. Wakati ule kulikuwa na ligi kuu mbili, National na American, kila moja ikiwa na timu 8. Kila timu ilicheza mechi 154 hadi mwisho wa Septemba. Hakukuwa na robo fainali wala nusu fainali: kinara wa ligi moja alikwenda moja kwa moja kukutana na kinara wa ligi nyingine katika World Series, na wa kwanza kushinda mechi 4 alikuwa bingwa. Mechi ina raundi 9. Katika kila raundi timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe, na mkimbio huhesabiwa mchezaji akizunguka besi zote nne na kufika nyumbani. Anayejua kriketi hatapata shida kubwa.

Misimu yote miwili ina uwanja mmoja, Ebbets Field, mtaa wa Flatbush, uliofunguliwa 1913 na kubeba watu wapatao 32,000. Mpinzani wa mwisho ni yuleyule, New York Yankees, na mara zote mbili World Series ilikwenda mechi 7. Hata baadhi ya wachezaji ni walewale: Robinson, Pee Wee Reese, Carl Furillo, Gil Hodges na Duke Snider wanaonekana kwenye orodha zote mbili, ingawa Hodges na Snider mwaka 1947 walikuwa vijana wasiocheza sana. Kwa hiyo kinachopimwa hapa ni timu moja ikiwa katika umri wa namna mbili.

Mbio za ligi

Hapa 1955 inashindwa vibaya. Dodgers wa mwaka huo walishinda mechi 10 za kwanza mfululizo, wakafikisha ushindi 22 katika mechi 24, na kuanzia hapo wengine wakawa wanagombea nafasi ya pili. Ubingwa wa ligi waliukamilisha Septemba 8, mapema kuliko timu yoyote ya National League kabla yao. Walimaliza na ushindi 98 dhidi ya vipigo 55, wakiwaacha Milwaukee Braves kwa mechi 13 na nusu (nusu hutokea timu mbili zinapokuwa hazijacheza idadi sawa ya mechi). Ukisoma matokeo ya Juni na Julai unaona timu nzuri ikifanya kazi yake, basi. Kama ligi ni sababu yako ya kusoma, msimu huo uliisha Mei.

Mwaka 1947 wao walikuwa na kidonda. Mwaka uliotangulia walilingana ushindi na St. Louis Cardinals, wakapigwa kwenye mechi za ziada, na Cardinals wakaenda kuchukua World Series. Sasa walikuwa wakikimbizana na mabingwa haohao. Juu ya hilo, Aprili 9, siku sita kabla ya ufunguzi, kamishna wa besiboli Happy Chandler alimfungia kocha wao Leo Durocher msimu mzima. Clyde Sukeforth alishika timu mechi mbili za kwanza, kisha akaletwa Burt Shotton, mzee aliyekaa benchi na nguo zake za kiraia na kwa sababu hiyo hakuweza kuingia uwanjani kuzungumza na warushaji wake. Walishinda ligi kwa tofauti ya mechi 5 tu, ushindi 94 na vipigo 60. Mrushaji Ralph Branca, kijana wa miaka 21, alishinda mechi 21.

Lakini sijafika kwenye jambo lenyewe.

Robinson

Tangu miaka ya 1880 hakuna mchezaji mweusi aliyekuwa ameruhusiwa kucheza ligi kuu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wamiliki walielewana tu. Branch Rickey, aliyekuwa akiiendesha Dodgers, alimsajili Robinson Oktoba 1945, akampeleka Montreal kucheza msimu wa 1946 katika timu ya chini, na Aprili 15, 1947 Robinson akasimama besi ya kwanza pale Ebbets Field dhidi ya Boston Braves. Hakupata pigo hata moja siku hiyo, yaani mpira uliopigwa na kumfikisha mpigaji besi salama bila kosa la walinzi. Raundi ya saba aligusa mpira kidogo akakimbia, mlinzi wa Braves akarusha vibaya, na Pete Reiser alipopiga, Robinson akafika nyumbani na mkimbio ulioiweka Dodgers mbele. Mechi iliisha 5-3.

Uzuri wa 1947 kwa msomaji ni kwamba kila mechi ina maswali mawili: nani atashinda, na huyu mtu leo atafanyiwa nini. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wametayarisha waraka wa kumkataa hata kabla msimu haujaanza. Durocher aliuzima kabla hajafungiwa. Dixie Walker, kipenzi cha Brooklyn na mzaliwa wa kusini, alikuwa miongoni mwa wasiomtaka. Mwaka huohuo Walker alipiga vizuri sana, na Desemba akapelekwa Pittsburgh kwa kubadilishana wachezaji. Aprili kocha wa Philadelphia Phillies, Ben Chapman, aliongoza benchi lake kumtukana Robinson matusi ya rangi mechi nzima, mpaka Eddie Stanky, mchezaji mwenzake Robinson, akawageukia na kuwaambia wamchague mtu anayeweza kuwajibu. Robinson hakuweza kujibu kwa sababu alikuwa amemwahidi Rickey kwamba hatajibu. Agosti, Enos Slaughter wa Cardinals alimkanyaga mguuni kwa njumu kwenye besi ya kwanza. Slaughter alikana maisha yake yote kwamba alikusudia. Soma tukio lenyewe uamue.

Tahadhari moja. Utakutana na hadithi ya Pee Wee Reese akimwekea Robinson mkono begani mbele ya watu wa Cincinnati waliokuwa wakizomea. Ipo hata sanamu yake Coney Island. Wanahistoria hawakubaliani kama ilitokea 1947 au mwaka uliofuata, kwa hiyo usiichukulie kama nguzo ya msimu huu. Matukio yenye tarehe na mashahidi yanatosha kabisa.

Na alicheza. Mechi 151, wastani wa kupiga .297 (karibu mapigo matatu katika kila majaribio kumi), mikimbio 125, besi 29 alizoiba, yaani alizokimbilia bila mpira kupigwa, idadi kubwa kuliko mtu yeyote katika ligi yake. Tuzo ya mchezaji mgeni bora ilitolewa mwaka huo kwa mara ya kwanza, na ilikuwa moja kwa ligi zote mbili, akaichukua yeye. Mshahara wake ulikuwa dola 5,000. Brooklyn walihudhuria kuliko mwaka mwingine wowote wa historia ya klabu pale Ebbets Field, watu zaidi ya milioni 1.8. Mwaka 1955, pamoja na ushindi wote ule, walizidi milioni moja kidogo tu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kamba nyingine inayomfunga na Robinson. Mwaka 1959 barua ya kuomba michango kwa ajili ya nauli za wanafunzi wa Kenya, katika mpango wa Tom Mboya wa kuwapeleka vyuo vya Marekani, ilitiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wanafunzi 81 walipanda ndege Septemba mwaka huo. Jina lililofungua pochi za Wamarekani wale lilikuwa limejengwa miaka kumi na miwili nyuma, besi ya kwanza.

Timu bora ni ipi?

Ya 1955, bila ubishi. Anayependa kuona mchezo ukichezwa kwa kiwango cha juu aende huko na asisikilize maneno yangu mengine. Duke Snider alivusha mpira ukuta mara 42 na kuingiza mikimbio 136. Roy Campanella, mdakaji, alivusha 32 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa mara ya tatu. Hodges na Furillo kwa pamoja waliongeza 53. Don Newcombe alishinda mechi 20 na kupoteza 5 kama mrushaji, na juu ya hapo alipiga wastani wa .359 na kuvusha ukuta mara 7, kitu ambacho warushaji hawatarajiwi kabisa kukifanya. Timu nzima ilivusha mara 201. Campanella na Newcombe ni weusi wote wawili, na Jim Gilliam wa besi ya pili pia. Kilichokuwa vita mwaka 1947 kilikuwa tayari kimekuwa kikosi cha kawaida cha Jumanne.

Benchi la timu hiyo lilikuwa na kijana wa miaka 19 aitwaye Sandy Koufax. Kanuni za wakati ule zilimlazimu abaki ligi kuu kwa sababu ya ukubwa wa fedha za usajili wake, kwa hiyo alikaa, mara chache akipewa mpira. Agosti 27 alipewa, dhidi ya Cincinnati. Aliwatoa wapigaji 14 kwa mipira waliyoikosa, akaruhusu mapigo mawili tu, bila mkimbio. Miaka ya 1960 dunia ya besiboli ingemjua vizuri.

Robinson mwenyewe alikuwa na miaka 36. Wastani wake uliporomoka hadi .256, na hakupatana na kocha Walter Alston. Ukianza na 1955 utamkuta mzee mwenye nywele za mvi anayechezeshwa na kupumzishwa, na hutaelewa kwa nini uwanja mzima unanyanyuka anapokaribia besi ya tatu. Hiki ndicho kikwazo kikubwa cha kuanza na 1955: kila kitu kizuri ndani yake ni malipo ya deni lililokopwa awali. Dodgers walikuwa wameshapoteza World Series mara 7: 1916, 1920, 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953. Tano za mwisho ni mikononi mwa Yankees hawahawa. Watu wa Brooklyn walikuwa na msemo wao wa kila vuli, kwamba tungoje mwakani. Asiyewahi kungoja nao hata mara moja ataiona Oktoba 1955 kama fainali nzuri tu.

World Series mbili

Hapa mizani inakaribiana, na mimi mwenyewe nabadilika kila ninapozirudia.

Ya 1947 ina vipande viwili ambavyo watu wa besiboli wanavijua kwa moyo. Mechi ya nne, Ebbets Field, mrushaji wa Yankees Bill Bevens alifika raundi ya tisa bila kuruhusu pigo hata moja. Hajawahi mtu kufanya hivyo katika World Series mpaka wakati huo. Alikuwa hovyo, hata hivyo: alitoa besi za bure 10 (mpigaji hupewa besi ya kwanza akirushiwa mipira minne mibaya), na Dodgers walikuwa wamepata mkimbio mmoja kwa njia hiyo. Yankees 2, Dodgers 1, wawili wameshatolewa, amebaki mmoja. Furillo alikuwa ameshapewa besi ya bure, na Al Gionfriddo akaingia kukimbia badala yake na kuiba besi ya pili. Reiser, akiwa na kifundo cha mguu kilichovunjika, akaja kupiga. Yankees wakaamua kumpa besi ya bure makusudi wasimkabili. Kisha akaingia mpigaji wa akiba, Cookie Lavagetto. Aliupeleka mpira kwenye ukuta wa kulia, wakimbiaji wote wawili wakafika nyumbani. Pigo moja la mechi nzima kwa Dodgers, na Bevens akapoteza 3-2.

Siku mbili baadaye, Yankee Stadium, Gionfriddo yuleyule alikimbia mpaka uzio wa kushoto na kuudaka mpira wa Joe DiMaggio ambao ungesawazisha mechi ya sita. DiMaggio, mtu ambaye hakuwahi kuonyesha hisia, alipiga teke udongo karibu na besi ya pili. Yankees walishinda ya saba 5-2. Na hili ndilo linaloniuma zaidi katika hadithi nzima: Bevens, Lavagetto na Gionfriddo hawakucheza tena ligi kuu baada ya World Series hiyo, hata mmoja wao.

Ndiyo World Series ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni, kwa miji michache ya mashariki tu, lakini ufurahie redio yake. Mtangazaji Red Barber akilielezea daka la Gionfriddo ni funzo la utangazaji.

Ya 1955 ni rahisi zaidi kufuata, na kwa mgeni urahisi si jambo la kudharau. Dodgers walipoteza mbili za kwanza. Katika ya kwanza Robinson, kwa miguu yake ya miaka 36, aliiba besi ya nyumbani mbele ya mdakaji Yogi Berra, na Berra aliendelea kulalamika mpaka uzeeni kwamba mwamuzi alikosea. Picha ya video ipo. Mimi naona alifika, ingawa sitagombana na mtu. Dodgers walishinda tatu za nyumbani, wakapoteza ya sita, na Oktoba 4 wakaingia Yankee Stadium na mrushaji Johnny Podres, aliyetimiza miaka 23 siku aliyoshinda mechi ya tatu na ambaye msimu mzima alikuwa na ushindi 9 na vipigo 10.

Hodges aliingiza mikimbio yote miwili. Raundi ya sita Alston alimtoa Gilliam upande wa kushoto, alikoanzia siku hiyo, akamsogeza besi ya pili na kumwingiza Mkuba Sandy Amoros mahali pake. Yankees wakaweka watu wawili kwenye besi, hakuna aliyetolewa, na Berra akapiga mpira uliokwenda kuangukia kona ya kushoto kabisa. Amoros alikuwa anatumia mkono wa kushoto kurusha, kwa hiyo glavu ilikuwa mkono wa kulia, ule ulio karibu na uzio. Aliunyoosha akiwa mbioni, akadaka, akamrushia Reese, Reese akamrushia Hodges, na Gil McDougald akakamatwa akiwa mbali na besi yake. Gilliam, mwenye glavu mkono wa kushoto, asingeufikia. Ikaisha 2-0, Podres hakuruhusu mkimbio. Robinson hakucheza mechi hiyo.

Kinachofuata baada ya msimu

Kama unapenda hadithi inayofunguka, 1947 inakupa njia: Larry Doby anaingia Cleveland Julai mwaka huohuo, Dan Bankhead anakuwa mrushaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu Agosti akiwa Dodgers na kuvusha ukuta mara yake ya kwanza kupiga. Ukienda 1955, mlango unafungwa. Agosti, timu ikiongoza kwa mbali, mmiliki Walter O'Malley alitangaza kwamba mwaka unaofuata mechi saba za nyumbani zitachezwa Jersey City. Alitaka uwanja mpya na jiji halikumpa anachotaka. Septemba 1957 Ebbets Field ilichezewa mechi ya mwisho, timu ikahamia Los Angeles, na 1960 uwanja ukabomolewa.

Uchaguzi

Una muda wa kufuata msimu mzima, mechi baada ya mechi? 1947. Takwimu za kila mechi zimehifadhiwa mtandaoni bure, na mwaka huo hauna mwezi wa kulala. Baada yake ruka hadi Septemba 1955, usome World Series tu, utakuwa umeshalipia.

Una wikendi moja na unataka kuelewa mchezo? Chukua World Series ya 1955 peke yake, mechi ya saba kwanza. Matokeo madogo, makosa machache, kila uamuzi wa kocha unaonekana. Mechi ya Bevens usiianze nayo, maana utamu wake unamtaka mtu anayejua tayari ugumu wa kumaliza raundi tisa bila kuruhusu pigo.

Unapenda namba na wapigaji wakubwa? 1955, yote.

Kuna watu Brooklyn haiwavutii, na wao wana pa kwenda. New York Giants wa 1951 walikuwa nyuma ya Dodgers kwa mechi 13 na nusu Agosti 11, wakashinda 37 kati ya 44 za mwisho, na Bobby Thomson akamaliza kazi kwa kuvusha ukuta dhidi ya Branca, yule wa ushindi 21. Jua tu kwamba mwaka 2001 ilifichuka kuwa Giants walikuwa wakisoma ishara za wadakaji kwa darubini kutoka chumba chao cha kubadilishia nguo, kwa hiyo utausoma ukiwa na shaka. Cleveland wa 1948 ndio chaguo langu la tatu: Doby akiwa ameshakomaa, Satchel Paige akianza ligi kuu akiwa na miaka 42, na Lou Boudreau, kocha ambaye pia alikuwa mchezaji, akivusha ukuta mara mbili katika mechi ya kuamua ligi dhidi ya Boston Red Sox. Walishinda World Series mwaka huo. Klabu hiyo, ambayo sasa inaitwa Guardians, haijashinda nyingine tangu hapo.